Serikali ya mkoloni ilivyomsaka nyanya yangu kama mhalifu, kumbe mimi nilitaka tu kuoa

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Najua mnaitana wakuu na wengi wenu hamjafika arobaini. Sawa tu. Mimi mwenye miaka themanini na nane nitawaita hivyo hivyo, nisionekane mgeni.

Nitaandika ukweli mtupu. Pale nimesahau nitasema nimesahau. Na pale mke wangu atakapobisha, maana yuko hapa kando anasoma na miwani yake, nitaandika vile anavyotaka yeye. Nataka kula leo.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni mjukuu wangu. Alitema mate kwenye kachupa akayatuma majuu, eti DNA. Matokeo yakaja kwa simu. Jioni akaniletea: "Kuka, hii part wanasema hawajui ni ya wapi. Ni ya nani?"

Kuka ni babu kwa Kibukusu. Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Hiyo part ninaijua. Hiyo part ilitaka kuniharibia ndoa, halafu ikataka kunitia ndani. Na wakati huo hakukuwa na kachupa. Tulitafutiwa na serikali yenyewe, tena bila kuomba.

Basi sikilizeni.

Ilikuwa karibu na mwisho wa miaka ya hamsini. Hali ya Hatari, ile ya kuwasaka waasi wa msituni, ilikuwa bado haijaondolewa. Mimi nilikuwa mpishi msaidizi katika nyumba ya Mzungu kule Spring Valley, Nairobi. Msaidizi maana yake mpishi mkubwa anapika, mimi namenya na kulaumiwa.

Katika nyumba iliyopakana nasi alifanya kazi yaya mmoja anaitwa Nekesa. Kati yetu kulikuwa na ua wa miti uliopunguzwa vizuri sana upande wetu, kwa sababu nilijitolea kuupunguza kila siku. Mpishi mkubwa alidhani napenda bustani.

Nekesa alikuwa Mbukusu kama mimi. Mcheshi, ana majibu ya haraka, na akikucheka unajiona umepata zawadi. (Amesoma hapa akasema niongeze kwamba alikuwa mrembo. Alikuwa mrembo.)

Nikamwambia nataka kumwoa. Akasema, "Mwambie baba. Mimi nilishakubali kitambo, wewe ndio ulikuwa unakata miti."

Babake, Mzee Situma, alikuwa seremala katika duka la fanicha la Mhindi mmoja River Road. Nikaenda kumwona hapo dukani siku ya Jumapili, nimevaa koti la mpishi mkubwa. Akanipokea vizuri. Akaniuliza ukoo wa baba, nikasema. Akaniuliza ukoo wa mama, nikasema. Koo zenyewe sitazitaja, wenyewe wamo humu na ni wagomvi.

Halafu akauliza, "Na nyanya yako, mama wa baba yako, ni mtoto wa akina nani?"

Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Kwa msiojua, kwetu huoi ukoo wa baba yako. Huoi wa mama yako. Huoi pia wa nyanya zako. Ukifanya hivyo umeoa dada yako, na hakuna mchungaji wala kanisa litakalokusafisha mbele ya wazee.

Sasa mama wa baba yangu aliitwa Nanjala, jina la njaa. Alifika kwetu akiwa mtoto mdogo wakati wa njaa kuu, ameletwa na watu waliokuwa wanapita, akaachwa, nao wakapewa kikapu cha wimbi. Mambo kama hayo yalifanyika, wakuu. Mzazi alikuwa anamwacha mtoto penye chakula ili aishi, akiomba Mungu atarudi kumchukua. Wengine hawakurudi. Nanjala ni jina alilopewa na watu wetu. Jina alilokuja nalo halikukumbukwa na mtu, na alikufa kabla sijazaliwa.

Nilipomweleza Mzee Situma hayo, alikaa chini juu ya kitanda kipya.

"Barasa," akasema, "sisi tulipoteza mtoto njaa hiyo hiyo. Dada ya baba yangu. Anaitwa Khakasa. Alivuka mto na wageni akiwa na miaka sita. Hatukumwona tena."

Tukatazamana. Mimi naye, kila mtu anapiga hesabu ileile.

Kama nyanya yangu ndiye Khakasa, basi Nekesa ni wa ukoo wa nyanya yangu. Na mimi ni mpumbavu niliyekuwa nakata miti bure.

Kesi ikapelekwa kwa wazee wa nyumbani walioko Nairobi. Tulikuwa na chama chetu, cha kuzikana na kusaidiana. Lakini wakati ule watu weusi hawakukaa kikao bila ruhusa. Mwenyekiti akaenda kuomba kibali. Karani akamwuliza, kikao ni cha nini? Mwenyekiti akajibu, cha kumjadili mama mmoja aliyepotea kabla ya reli kufika.

Kibali kilitolewa kwa masharti mawili. La kwanza, kikao kiendeshwe kwa Kiswahili. La pili, askari awepo na aandike yote yatakayosemwa.

Basi kila Jumapili baada ya kanisa tulikutana kwenye karakana ya yule Mhindi, aliyekuwa mtu mwema na alimwachia Mzee Situma ufunguo. Viti havikutosha. Wazee walikaa juu ya vitanda vya kuuzwa, miguu inaning'inia, kila mmoja na kofia yake mapajani. Kibali kimebandikwa kwenye mlango wa kabati. Na pembeni, kwenye meza ya kujipodoa yenye kioo, askari wetu na daftari lake.

Aliitwa Konstebo Musyoka. Mkamba, mpole, mwandiko mzuri.

Jumapili ya kwanza aliandika kila neno huku anapiga miayo. Ya pili hakupiga miayo. Ya tatu aliinua mkono.

"Samahani wazee. Huyu Khakasa alipovuka, mto ulikuwa umejaa ama umekauka?"

Wazee walikasirika. Askari anauliza nini tena? Halafu mmoja akasema, lakini ni kweli, ilikuwa njaa, mto ulikuwa umekauka. Kwa hivyo mtoto angeweza kuvuka mahali popote, si pale kwenye daraja la miti peke yake. Ramani yote tuliyokuwa tumechora sakafuni kwa chaki ya seremala ikafutwa, tukaanza upya.

Nilimchukia Musyoka siku hiyo. Baadaye nilikuja kumpenda.

Wakati kesi inaendelea, wazee walitoa amri. Mimi na Nekesa tuhesabiwe ndugu mpaka ithibitike vinginevyo. Tusikutane peke yetu. Tukisalimiana, mimi nimwite dada, yeye aniite kaka.

Wakuu, mmewahi kumwita dada mtu ambaye mmeshakubaliana majina ya watoto?

Nilikuwa nasimama upande wangu wa ua. "Hujambo, dada."

"Sijambo, kaka. Dada yako amepika chapati. Ama hiyo nayo mpaka kikao kiamue?"

Nilikuwa nakula chapati nikiwa na huzuni kubwa sana. Nasema wazi, niliogopa. Usiku sikulala vizuri na mchana nilikata vidole badala ya karoti. Sikuwa namwogopa mtu yeyote duniani isipokuwa mtoto wa miaka sita aliyevuka mto kabla baba yangu hajazaliwa.

Sasa ngojeni mje muone balaa.

Daftari la Musyoka lilikuwa linapelekwa kila Jumatatu kwa afisa fulani Mzungu mjini. Miezi miwili hakuna aliyelisoma. Halafu siku moja, sijui mvua ilinyesha akakosa kwenda kucheza gofu, akalisoma lote.

Akakuta nini? Wanaume kumi na wawili wanakutana kila wiki. Kila ukurasa kuna mtu anaitwa Khakasa. Khakasa alivuka mto. Khakasa alisindikizwa na wageni wasiojulikana. Khakasa ana watu wake Nairobi. Kijana mmoja wa Spring Valley anamtafuta kwa udi na uvumba. Ramani ilichorwa, ikafutwa.

Nilichukuliwa jikoni kwa gari la serikali, nikiwa na aproni. Memsahib, mke wa Mzungu wangu, alitoka mbio akamwambia dereva kwamba kuna wageni wa chakula cha mchana. Dereva akasema pole.

Yule afisa alikuwa na meza kubwa na Kiswahili kidogo.

"Wewe najua Khakasa?"

"Namjua kwa kusikia, bwana."

"Iko wapi?"

"Hata mimi namtafuta, bwana."

"Kwa nini natafuta yeye?"

"Nataka kujua kama ni nyanya yangu."

Akaandika hiyo. Akaifikiria. Akaipigia mstari.

"Nani navusha yeye mto?"

"Wageni. Majina yao hatuyajui."

"Ah! Hapana jua. Yeye nabeba nini?"

"Alikuwa na miaka sita, bwana. Sidhani alibeba kitu."

Akafungua daftari kwenye ukurasa aliokuwa ameukunja. "Hapa wazee yote nasema, hakuna harusi mpaka Khakasa patikana. Harusi ni nini?"

"Ni harusi, bwana."

Akagonga meza. "Harusi ni NINI?"

Nikamweleza. Mwanamume na mwanamke, kanisani, halafu watu wanakula. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuniangalia kwa makini. Musyoka alikuwa amesimama mlangoni, akajaribu kunisaidia. "Effendi, haya ni mambo ya ndoa tu." Akaambiwa anyamaze.

Mwishowe afisa akainuka. Akasema serikali ina macho kila mahali. Kama Khakasa yuko hai, atapatikana, hata awe amejificha chini ya ardhi.

Wakuu, nilipaswa kuogopa. Lakini nilikuwa nimekaa miezi kwenye vitanda vya Mhindi bila jibu. Machozi yalinilenga.

"Asante sana, bwana," nikamwambia. "Akipatikana tafadhali mtuambie mapema."

Aliniachilia kwa sababu nadhani alichoka.

Sitasahau jinsi serikali ile ilivyofanya kazi. Barua zilitoka Nairobi kwenda magharibi. Machifu wakaagizwa waandike majina ya akina Khakasa wote. Baadaye Musyoka alituambia kwamba mmoja wa walioandikwa alikuwa na miaka minne, na mwingine alikuwa ng'ombe wa maziwa wa chifu mwenyewe. Wakaulizwa wote, kasoro ng'ombe, kama wamewahi kuvuka mto wakisindikizwa na wageni.

Mmoja akasema ndiyo.

Siku hiyo tuliitwa watatu: mimi, Mzee Situma, na Nekesa kwa sababu alikataa kubaki. Tukaingia ofisini. Kwenye benchi, katikati ya askari wawili wenye bunduki, ameketi mama mzee mdogo wa umbo, miguu haifiki chini, na kuku mapajani.

Alikuwa ameletwa kwa gari moshi njia yote kutoka kwa Wateso, upande ule wa mpaka wetu, ambako alilelewa, akaolewa, akafiwa na mume. Hakujua kwa nini ameitwa. Aliona ni serikali, na mtu haendi kwa serikali mikono mitupu, ndiyo maana ya kuku. Alishajaribu kumpa afisa mara mbili.

Afisa akasimama wima. "Wewe ni Khakasa?"

"Ni mimi."

"Taja watu yako yote."

Mama yule akafumba macho, akaanza. Alitaja baba yake. Baba wa baba yake. Akapanda juu, jina baada ya jina, Kibukusu chake kimepata kutu lakini majina hayana kutu. Afisa alikuwa anaandika haraka, jasho linamtoka, anadhani anapata orodha yote ya wakubwa. Mzee Situma alikuwa anayataja pamoja naye kwa sauti ya chini, kwa sababu yalikuwa majina ya babu zake.

Halafu mama akafumbua macho akauliza, "Kale katoto kalipona sikio?"

Mzee Situma akamsogelea.

"Ndugu yangu mdogo. Nilimmwagia uji wa moto sikioni. Mama alinichapa. Kesho yake ndipo wale watu wakanichukua. Njia yote nilidhani wamenipeana kwa sababu ya lile sikio."

Wakuu, baba yake Mzee Situma alikufa na sikio moja limekunjamana. Kila alipoulizwa alikuwa anasema, "Hii ni alama ya dada yangu," na haongezi neno.

Mzee Situma alipiga magoti kwenye sakafu ya serikali. Mtu mzima, seremala, mikono kama mbao, akalia na kichwa chake kwenye mapaja ya shangazi yake, kuku akapiga kelele, askari mmoja akageuka ukutani.

"Haikuwa sikio," alikuwa anamwambia. "Haikuwa sikio, shangazi. Ilikuwa njaa."

Afisa akamwuliza Musyoka taratibu, "Hii mama ndiyo kiongozi?"

"Ni shangazi, effendi."

Afisa akaangalia faili lake. Lilikuwa nene. Akalifunga, akatoka nje, na kupitia dirishani tulimwona anavuta sigara peke yake kwa muda mrefu. Sikumcheka. Alikuwa amefanya kazi kubwa na hakujua aifanyie nini.

Nekesa ndiye aliyenikanyaga mguu. "Kaka," akasema. "Kama Khakasa ni huyu, basi nyanya yako si Khakasa."

Nilikuwa nimesahau kesi kabisa.

"Kwa hivyo mimi si kaka," nikasema.

"Usiniite dada tena maisha yako yote," akasema, na sijawahi.

Kukhu Khakasa, yaani bibi Khakasa kwa heshima ya kwetu, akaelezwa mambo yote: ndoa, wazee, vitanda, daftari. Alifurahi mno. Akanivuta mkono. "Kumbe ni wewe umenitafuta! Basi wewe ndiye mjukuu wangu!"

Mimi, Nekesa, Mzee Situma na Konstebo Musyoka tulipiga kelele kwa pamoja. "HAPANA!"

Maana akinifanya mjukuu, tumerudi palepale. Ilibidi aape mbele ya askari kwamba mimi si mjukuu wake, si sasa wala baadaye. Musyoka aliandika. Nafikiri ndiyo karatasi pekee ya serikali ya wakati ule inayothibitisha kwamba mtu hana undugu na mtu.

Ningekuwa mwandishi mzuri ningeishia hapo kwenye harusi. Wazee walifunga kesi, maana shaka yao yote ilikuwa Khakasa; harusi ilikuwepo, Musyoka alikuja na suti, wali uliungua kidogo na lawama nikapewa mimi.

Lakini kuna jambo moja lilitokea palepale ofisini kabla hatujaondoka.

Nilikuwa nimeshinda. Nina mke. Halafu nikagundua kwamba miezi yote ile angalau nilikuwa na nyanya wa kudhania. Sasa nilikuwa sina hata huyo. Nikamwuliza Kukhu Khakasa, kwa woga tu, kama njiani alikuwa peke yake.

Akasema hapana. Walikuwa wasichana wawili. Yule wa pili alijiunga nao njiani, ameletwa na watu wengine. Waliachana kwenye boma la kwanza lililokuwa na wimbi. Pale walimwacha yule, wakaendelea na yeye.

Akalitaja boma. Lilikuwa boma letu.

"Alikuwa wa akina nani?" nikauliza. Nadhani nilipaza sauti.

"Sikumwuliza," akasema. "Tulikuwa watoto, baba. Watoto hawaulizani koo."

"Jina?"

Alifikiri sana. Akatikisa kichwa. Limepotea.

"Lakini alikuwa mkubwa kwangu kidogo," akasema. "Mimi nilikuwa nalia, yeye halii. Akanishika mkono akaniambia, usilie, njia bado ni ndefu, utamaliza maji."

Hiyo ndiyo mali yote niliyo nayo ya nyanya yangu, wakuu. Sentensi moja, ya mtoto wa miaka saba hivi, kwa mtoto mwenzake asiyemjua, katika njaa.

Nililia pale pale ofisini, nikamaliza maji yote aliyoyaweka akiba.

Funzo langu ni dogo. Mkikaa na wazee wenu msiwaulize ukoo peke yake. Ukoo utaupata hata kwa chifu. Waulizeni nani aliwashika mkono, na alisema nini. Mimi nilichelewa, na nilibahatika kwa sababu Mzungu mmoja alikuwa na wasiwasi mwingi.

Na sasa nawaomba. Nimezeeka na DNA imekuja na pengo. Kama kuna mtu humu ambaye kwao walipoteza msichana kwenye njaa ile ya zamani, upande wa magharibi, msichana wa miaka saba, asiyelia ovyo, hebu aandike hapa chini au anitafute PM. Hata kama huna uhakika. Sisi wenyewe hatukuwahi kuwa na uhakika.

Mke wangu amesoma mpaka hapa, amevua miwani. Anasema niwaambie msiogope kuandika. Hata ikibainika kwamba huyo msichana alikuwa wa ukoo wake kweli, yeye haondoki.

Leteni maoni.